Mapishi ya Marehemu

Jumatatu ya wiki ambayo shule zilikuwa zinafunguliwa, Mzee Kimeu alitoka chumbani na koti lake la kahawia juu ya nguo za kulalia, akaketi kwenye kochi, akatangaza kwamba usiku huo mkewe alikuwa amempikia viazi vitamu ndani ya kifuniko cha gurudumu la lori.

"Alikuwa juu ya paa la kanisa," alisema. "Amewasha moto huko huko kwenye mabati. Viazi vitamu, akavikaanga na maembe mabivu, halafu juu akamwaga kunde. Nikamwambia, 'Mbula, shuka, utaanguka.' Hata hakugeuka. Akapakua tu."

Kasiva, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kichana kimenasa katika nywele za bintiye Tracy, na nyuma yake chai ilikuwa inafurika. Mbula, mama mkwe wake, alizikwa mwezi wa Agosti. Tangu Mzee Kimeu aletwe kutoka kijijini Ndithini kuja kukaa nao mjini Machakos, hakuna asubuhi iliyopita bila habari za kile alichopikiwa usingizini.

"Pole, Baba," Kasiva alisema. "Chai iko tayari. Kuna mkate pia."

"Mkate sitaki. Nataka hiyo ya Mbula. Niliamka kabla sijaonja."

"Viazi na maembe na kunde?"

"Na iwe na mafuta kiasi."

Kasiva alimwangalia mumewe. Kyalo alikuwa anafunga kamba za viatu kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuulizwa chochote.

"Si utampikia tu jioni," alisema bila kuinua kichwa. "Ni viazi tu."

Ni viazi tu. Kasiva alikuwa anashona sare za shule katika duka moja karibu na stendi ya magari, na hiyo ndiyo wiki ambayo wazazi wote wa Machakos hukumbuka kwamba watoto wao wamekua. Angekaa kwenye cherehani mpaka mgongo ukatae, atoke, apite kwa mama mboga, atembee mpaka nyumbani Mumbuni, ndipo aanze kukaanga ndoto ya mtu mwingine.

Jioni alikaanga. Viazi vilikuwa nusu nusu gesi ilipokwisha. Alitikisa mtungi, akaulaza, akauinua tena kama mtoto anayebembelezwa, lakini moto ulififia ukawa wa buluu, kisha ukawa si kitu. Akatoa jiko la makaa kibarazani, akapuliza huku majirani wakipita na kumwuliza kwa nini nyumba yake inatoa moshi. Viazi vikaungua upande mmoja, maembe yakayeyuka yakawa uji wa manjano, kunde zikabaki ngumu. Akapeleka.

Mzee Kimeu alichukua kijiko kimoja. Akakitafuta kinywani kwa muda mrefu. Kisha akasukuma sahani mbele, taratibu, bila hasira.

"Siyo hii," alisema.

Tracy, aliyekuwa darasa la nne na hakujua kuficha kitu, aliuliza kama sasa wao ndio watakula hiyo. Ndio, wao ndio waliokula.

*

Ikawa hivyo. Siku moja Mbula alikuwa nyuma ya dirisha la benki, amevaa sare, anampitishia mzee malenge yaliyopikwa pamoja na omena, wale dagaa wadogo, kupitia kile kitundu cha kupitishia pesa. Siku nyingine alikuwa anaendesha trekta iliyojaa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na badala ya maharagwe ameweka ndizi mbivu. Kuna asubuhi ambayo mzee alisimulia kuku aliyepikwa akiwa bado anazungumza, na Kasiva akashukuru Mungu kwamba kuku huyo hakuombwa.

Vingine vyote viliombwa. Kasiva alipika malenge na omena, nyumba ikanuka siku mbili. Alipika muthokoi na ndizi. Kila mara mzee alionja kijiko kimoja, akatafuta, akasukuma sahani. Siyo hii. Alipomwekea chakula cha kawaida, ugali na sukuma wiki, au wali na maharagwe, hakugusa kabisa. Alisema si vizuri kula ovyo wakati mtu anakupikia.

"Nani anakupikia, Baba?" Kasiva alimwuliza siku moja, akijishika asipaze sauti.

"Mbula," mzee alijibu, akishangaa swali.

Kyalo alisema ni huzuni, itapita. Alisema hivyo akiwa amelala chali baada ya kula sahani mbili za kile baba yake alichokataa. Kasiva alipomwambia baba yake anakonda, alisema wazee wote hukonda. Alipomwambia basi yeye, mtoto wake, aingie chumbani kwa baba yake amwulize anataka nini hasa, Kyalo aliinuka akaenda kutazama mpira kwa jirani.

Mwisho wa mwezi Mzee Kimeu alianguka bafuni. Tracy ndiye aliyesikia ndoo ikigongwa. Kwenye kliniki daktari kijana alimpima, akamtazama Kasiva, akauliza: "Mama, huyu mzee anakula nini nyumbani?"

Kasiva alifungua mdomo. Angeanzia wapi? Kwenye paa la kanisa?

"Anachagua chakula," alisema.

"Asiachiwe kuchagua. Mwili umeisha nguvu. Akiendelea hivi wiki nyingine mbili, mtamleta hapa mmembeba kwa blanketi."

Wauguzi wawili waliokuwa karibu walimtazama Kasiva kuanzia kichwani hadi viatuni. Yeye akatazama bango la chanjo ukutani, akalisoma lote, mpaka majina ya magonjwa.

Siku ya pili Wavinya akaja. Wavinya ni dada mkubwa wa Kyalo, ameolewa Kathiani, na ni mwanamke anayeingia nyumba ya mtu mkoba ukiwa bado begani kama askari aliyekuja kupekua. Alimsalimu baba yake, akalia kidogo, akapangusa macho, akaenda moja kwa moja jikoni. Akafunua sufuria ya kwanza. Akafunua ya pili. Akanusa.

"Hii ni nini?"

"Ni malenge," Kasiva alisema.

"Na hii nyeusi?"

"Omena."

"Pamoja?" Wavinya aliuliza kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Woi! Mtu mgonjwa, mzee wa miaka sabini na kitu, unampea malenge na omena? Kwani hii nyumba imekosa unga? Ungeniambia nilete unga!"

"Ni yeye aliitisha, dada. Aliota."

"Aliota!" Wavinya alifunga sufuria kwa kishindo. Mlangoni mwa jirani mtu alikohoa kwa namna ya mtu anayesikiliza. "Mama angekuwa hai angelia. Mama alikuwa anampikia huyu mzee vizuri, hakuna siku alilala njaa. Sasa tumemleta kwa watu wa mjini wamwue polepole."

Kyalo alikuwepo. Alikuwa ameketi sebuleni karibu na baba yake, simu mkononi. Kasiva alingoja aseme, hata neno moja, hata "Wavinya, wacha." Akangoja mpaka Wavinya akaondoka, na bado hakusema.

*

Jioni hiyo gesi haikuwepo, makaa yalikuwa yamenyeshewa kibarazani, na jikoni mlikuwa na chapati tatu za juzi zilizokauka kama soli, bakuli la mbaazi zilizobaki, kitunguu kimoja, na embe bichi ambalo Tracy aliliokota njiani. Kasiva alisimama akavitazama vitu hivyo kwa chuki. Kisha akaanza tu. Akaazima moto wa jirani kwa koleo. Akakatakata chapati vipande vidogo, akakaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia, akatia mbaazi na mchuzi wake, akatia zile chapati zinywe mchuzi zilainike, mwisho akaparuza lile embe bichi juu kwa sababu hakukuwa na nyanya na kitu kilitakiwa kiwe na ukali. Hakuonja. Hakujali.

Alimpelekea mzee chumbani. Mzee Kimeu alikuwa ameketi kitandani, mikono imelala magotini, mifupa ya vidole inaonekana. Aliitazama sahani.

"Hii sikuiota," alisema.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia Kasiva. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alikuwa amepanga kusema vile, na alijua hakupanga. Alikuwa amechoka, mgongo ulikuwa unamwuma, na sauti ya Wavinya ilikuwa bado masikioni.

"Hukuiota wewe," alisema. "Niliiota mimi."

Mzee aliinua uso.

"Mama alinijia jana usiku. Alikuwa... alikuwa amesimama hapo kwenye cherehani yangu. Akaniambia, 'Mpikie chapati na mbaazi, utie embe bichi juu. Amekataa vingine kwa sababu hujui kupika nilivyomwonyesha. Hii ataikula.'"

"Alizungumza?"

"Alizungumza."

"Mimi huwa hazungumzi na mimi," mzee alisema polepole. "Ananipa mgongo tu, anapika."

Akashika kijiko. Akaonja. Akatafuta kinywani kama kawaida yake, na Kasiva akangoja lile neno. Halikuja. Mzee akachota tena. Akala mpaka akaparuza sahani, akaomba maji, akalala.

Kasiva alisimama sebuleni na ile sahani tupu mkononi. Kyalo alimwuliza kuna nini.

"Amekula," alisema, kisha akaenda jikoni akalia kwa hasira zaidi kuliko furaha.

*

Kuanzia hapo kazi ya kuota ikahamia kwake. Kila asubuhi, kabla Kasiva hajavaa viatu, mzee alimwita mlangoni: "Mama Tracy, amesema nini?" Naye Kasiva, mswaki ukiwa mdomoni, alipitisha macho ya akili yake jikoni akatazama kilichobaki. Kama palikuwa na wali kiporo na mayai mawili, Mbula alikuwa ameagiza wali wa mayai na majani ya kunde. Kama palikuwa na unga wa mtama tu, Mbula alikuwa amesisitiza uji mzito wenye ndimu. Siku ambayo hakukuwa na kitu ila isyo iliyokataa kuisha, yale mahindi na maharagwe ya siku tatu, Mbula aliagiza isyo ipondwe, itiwe pilipili hoho, ifinyangwe vidonge, vikaangwe. Vilitoka vitamu. Tracy alikula vitano, akaomba abebe vingine shuleni.

Mzee alikula vyote. Mashavu yakaanza kurudi. Akawa anatoka kibarazani jioni kuota jua na kuwaambia wapita njia habari za asubuhi. Mbula wake yeye aliendelea kumtokea katika vituko vyake, juu ya nguzo za stima na ndani ya matangi ya maji, lakini sasa mzee alisimulia kwa kucheka, kama mtu anayetazama sinema, kwa sababu maagizo yenyewe yalikuwa yanakuja kwa njia nyingine.

Kilichomchosha Kasiva ni sifa.

"Mama alijua kupika," Kyalo alisema huku akilamba vidole. "Ona sasa. Hata akiwa kaburini."

"Nani amekaanga hivi vidonge, Kyalo?"

"Wewe, najua. Lakini akili ni ya Mama."

Wavinya naye akapiga simu kuomba msamaha, kwa namna yake. Alisema hakujua kwamba Kasiva ana kipawa, kwamba angeambiwa mapema asingeongea vile. Kisha akateremsha sauti. "Sasa, dada yangu, akikuja tena, muulize ile shuka yake ya maua alimwachia nani. Kuna watu hapa wanasema ni yao."

"Dada, yeye huja na mambo ya chakula tu."

"Muulize tu. Wewe muulize."

Baada ya shuka ikawa ng'ombe aliyepotea. Baada ya ng'ombe ikawa kama binti wa Wavinya aolewe na yule mwalimu. Kasiva alianza kukata simu za Wavinya hata kabla hazijalia mara ya pili. Kazini wenzake walisikia, hakujua kupitia kwa nani, na mmoja akamwuliza kwa kunong'ona kama anaweza kumwotea marehemu baba yake. Kasiva akajikuta ameshona mguu wa suruali ya mtoto wa watu kwenye mfuko. Akaufumua wote akaanza upya, midomo imebana.

*

Kyalo alileta jambo lake siku ambayo mvua ilinyesha na Tracy alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Alimsaidia kuosha vyombo, na Kasiva akajua mara moja kwamba kuna jambo.

"Unamkumbuka Ngui?" aliuliza.

Kasiva alimkumbuka. Ngui alikuwa dalali wa mchanga. Alizunguka vijiji na lori la kukodi, akikubaliana na wenye mashamba yaliyopakana na mito, kisha mchanga ukafuata barabara kwenda kujenga maghorofa ya watu wengine. Shamba la Mzee Kimeu kule Ndithini lilishuka mpaka mtoni, mto ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu.

"Anataka kuanza mwezi huu. Ni pesa nzuri, Kasiva. Tunaweza kuhama hapa. Tupate nyumba iko na jikoni yenye dirisha. Mimi naweza kuacha kubebeshwa simiti kwa ile duka ya hadiwea nikipigiwa kelele na mtoto mdogo."

"Baba amesema nini?"

"Baba anasema Mama hakutaka." Kyalo alisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na ni kweli hakutaka. Kuna mwaka alilala barabarani mbele ya lori, amejifunika leso usoni, dereva akarudi nyuma kilomita nzima. Watu walitucheka. Lakini sasa Mama hayuko. Na Baba anasikiza kitu kimoja tu hapa nyumbani."

Kasiva aliacha kufuta sahani.

"Sema tu alikuja," Kyalo alisema. "Sema amekubali. Jumapili Wavinya anakuja, Ngui anakuja, tuongee kama familia. Baba akikuuliza, useme Mama amesema mchanga utolewe. Basi. Si umekuwa ukisema vingine?"

Alimtazama. Kumbe alijua. Wiki zote hizo akilamba vidole na kumsifu mama yake, alijua ni uongo, na hakusema asante wala hakusema acha. Alikuwa ameuhifadhi tu uongo wa mkewe kama mtu anayeweka mwavuli mpaka mvua inyeshe.

"Ulijua tangu lini?"

"Kasiva, nani anaota mayai mawili wakati kwa kabati kuna mayai mawili?"

Alitaka kumtupia sahani. Lakini usiku kucha aliliwaza lile dirisha la jikoni. Aliwaza moshi ukitoka, mwanga ukiingia, kamba ya nguo inayoonekana nje. Alijiambia kwamba mchanga ni mchanga. Alijiambia pia kwamba alipoolewa, kabla bomba halijafika, alishuka mtoni na Mbula, wakafukua shimo kwenye mchanga huo huo kwa bakuli, wakangoja maji yajae, wakachota, wanawake wengine wa kijiji wakifuata kwa foleni. Huko juu ya mto walikochimba watu wa lori, mashimo kama hayo sasa yalitoa udongo tu. Alilala akizinduka mara kwa mara, na hakuota chochote.

*

Jumapili aliwapikia wote. Alikuwa na nyama kidogo, kwa hiyo alikata viazi vingi, akatia mchuzi wa karanga uonekane mwingi. Ngui alikuja na kreti ya soda na viatu vilivyong'aa, akamwita Mzee Kimeu "Baba yetu" kila baada ya maneno matatu. Wavinya alikaa karibu na baba yake. Mara hii alimwita Kasiva "mama" na hakufunua sufuria yoyote.

Walipomaliza kula Kyalo alisafisha koo.

"Baba, tuliongea ile maneno ya mto. Ukasema Mama hakutaka. Sasa Mama Tracy ako na kitu ameonyeshwa."

Wote walimgeukia. Ngui aliweka chupa ya soda chini. Wavinya alishika mikono yake pamoja kama aliye kanisani. Kasiva alikuwa amesimama karibu na meza na sahani tatu chafu mkononi, na hakuna aliyempokea.

"Amekujia?" Mzee Kimeu aliuliza.

"Ndio, Baba," alisema. Ilikuwa imetoka tayari. Lililobaki lilikuwa sentensi moja tu.

Lakini mzee hakuuliza habari za mchanga. Aliinama mbele, mikono juu ya mkongojo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeuliza kitu alichoogopa kuuliza kwa muda mrefu.

"Mimi hanigeukii," alisema. "Wewe anazungumza na wewe. Hebu niambie. Bado anakohoa?"

Mbula alikuwa amekohoa miezi saba. Ndicho kilichomwua. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyekitaja kikohozi kile tangu mazishi. Wavinya aliangalia sakafu. Kyalo alimkazia mkewe macho: sema hapana, sema amepona, endelea.

Na lingekuwa jibu jema. Amepona, Baba, hakohoi tena. Kasiva alilifikia kabisa, likawa kwenye ulimi, na likamkwama. Chakula aliweza kukibuni, kwa sababu mwisho wake mtu alishiba kweli. Hili hakuliweza.

"Sijui," alisema. "Baba, mimi sijui kama anakohoa. Hajanijia. Hajawahi kunijia hata siku moja."

Akazishika zile sahani kwa mikono miwili.

"Zile chapati nilizipika mimi. Vile vidonge, ule wali, kila kitu. Nilikuwa naangalia ni nini imebaki kwa nyumba, napika hiyo, nakwambia ni yeye. Daktari alisema utakufa. Nilichoka, Baba. Nisamehe."

"Ngai!" Wavinya alisimama. "Umedanganya kwa jina la mama yangu? Mtu amelala kaburini, unamtuma sokoni kama mfanyakazi wako? Na mimi nikakuuliza mambo ya ng'ombe!"

"Nilikwambia huja na mambo ya chakula tu," Kasiva alisema, na akajisikia anakaribia kucheka, jambo ambalo lingekuwa baya kabisa.

Kyalo alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Ngui, ambaye kazi yake ilimfundisha kutopoteza safari, alikohoa kidogo na kusema, "Lakini Baba yetu, hata bila ndoto, tunaweza kuongea kama watu wazima..."

"Ngui," Mzee Kimeu alisema.

"Ndio, Baba yetu."

"Mke wangu hajasema kitu kuhusu mchanga. Umesikia wewe mwenyewe. La mwisho alisema ni lile alilosema akilala barabarani. Maliza soda yako, uende."

Aliinuka kwa mkongojo wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wavinya akaondoka bila kuaga. Ngui alirudi mara moja kuchukua kreti yake. Kasiva alibaki na zile sahani tatu, mchuzi wa karanga unaganda juu yake.

*

Jioni hiyo mzee hakula. Asubuhi ya Jumatatu hakutoka chumbani, wala hakumwita mtu mlangoni. Kasiva alimwachia chai na viazi vya kuchemsha kwenye stuli, akaenda kazini. Kyalo alikuwa ameondoka bila kumsemesha. Usiku mzima alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake.

Siku hiyo alishona vibaya. Kila simu ilipolia dukani alifikiri ni jirani anampigia kwamba mzee ameanguka tena, na kwamba safari hii ni blanketi. Alijilaumu, kisha akamlaumu Kyalo, kisha akamlaumu hata Mbula, aliyeshindwa kugeuza uso katika ndoto za mume wake amwambie tu ale chakula. Saa za kutoka zilipofika hakupita kwa mama mboga. Alienda moja kwa moja.

Chai ilikuwa bado kwenye stuli, na utando juu yake. Viazi havikuguswa. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Baba!"

"Niko huku."

Alikuwa jikoni. Alikuwa ameketi juu ya mtungi wa maji, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, anatazama rafu ya vyombo. Tangu aje katika nyumba ile hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba hicho. Wanaume wa rika lake hawakuingia jikoni mwa mke wa mtoto wao, na Kasiva hakujua aingie au angoje nje.

"Leo sikuota kitu," mzee alisema.

"Pole, Baba."

"Nimelala tu. Kama mtu." Akakuna goti. "Ile ya chapati. Ilikuwa ni nini hasa?"

"Ilikuwa chapati za juzi, Baba. Na mbaazi zilizobaki. Embe, Tracy aliliokota."

"Mbula hakuwahi kupika kitu kama hicho."

"Najua. Nisamehe."

"Mbula alikuwa anapika isyo," alisema mzee. "Isyo Jumatatu, isyo Jumanne. Krismasi, isyo na kuku. Miaka yote. Na mara nyingi iliungua chini, kwa sababu alikuwa anaongea sana na watu barabarani."

Kasiva alimtazama. Alikumbuka malenge na omena. Alikumbuka moshi wa kibarazani, na Wavinya na mkoba wake begani akipekua sufuria, na kunde ngumu, na ndizi mbivu katika muthokoi. Akafungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Sasa hayuko," mzee akasema. "Nimemaliza miezi nikimngoja na sahani. Hayuko, Mama Tracy." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Na mimi niko na njaa."

Kasiva aliweka mkoba chini. Kulikuwa na wali wa jana, kile kipande cha nyama alichomfichia Tracy, na kabichi iliyoanza kunyauka pembeni. Gesi mpya ilikuwa imeletwa Jumamosi. Akawasha. Akakata kabichi nyembamba, akakaanga na ile nyama, akatia wali, akageuza mara mbili tatu, haraka, bila maneno. Mzee alimtazama tangu kukata kabichi mpaka mwisho, kama anayejifunza njia.

Akampakulia hapo hapo juu ya magoti yake. Mzee Kimeu alionja. Akatafuta kinywani. Akameza.

"Chumvi imepungua," alisema.

Kasiva alikuwa bado na mwiko mkononi. Alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi, hakuwa amekula, na mume wake alikuwa mahali fulani mjini amemkasirikia.

"Chumvi iko kwa kabati, Baba," alisema. "Mlango wa kushoto."

Mzee alimwangalia kana kwamba ameambiwa aende Masinga kwa miguu. Kisha akaweka sahani chini, akashika ukingo wa sinki, akasimama, akafungua mlango wa kulia, akakuta vikombe, akaufunga, akafungua wa kushoto.